Bakteria na saratani ya ini: yanayosemwa na yaliyothibitishwa

Tangu watafiti watangaze kwamba wamekuta bakteria ndani ya uvimbe wa saratani, yamezuka maneno mengi. Mengine yanatia wasiwasi, kwa sababu yanaweza kumfanya mgonjwa wa ini aache kinachomsaidia akimbilie kisichomfaa.

Dhana: Saratani ya ini huletwa na bakteria.

Visababishi vyake vikuu vinajulikana: virusi vya homa ya ini B na C, pombe, mafuta yanayojaa kwenye ini hasa kwa wenye unene uliopitiliza au kisukari, na sumukuvu. Hii ya mwisho hutoka kwenye ukungu unaoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, na ukungu si bakteria. Kenya iliiona makali yake mwaka 2004, watu 125 walipofariki, wengi wao Makueni na Kitui. Hao waliuawa na sumu nyingi kwa mara moja. Kiasi kidogo kidogo kinacholiwa miaka mingi ndicho kinachozaa saratani.

Bakteria ana nafasi yake, ila ni ya kuchochea ini ambalo tayari limeumizwa na kitu kingine.

Dhana: Ili bakteria adhuru ini, lazima aingie ndani yake.

Hapa ndipo sayansi imeleta mambo ya kushangaza zaidi. Takriban robo tatu ya damu inayofika kwenye ini hutoka utumboni. Ini kwa hiyo hupokea kila siku mabaki ya bakteria walioko tumboni, na lina seli maalumu za kinga zilizojipanga kwenye mishipa yake kuyanasa. Utumbo ukiwa mzima, yanayopita ni machache. Pombe, au ini lililojaa makovu, hulegeza ukuta wa utumbo, na mabaki hayo huingia kwa wingi.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliwapa panya wa maabara sumukuvu, kisha wakawawekea utumboni bakteria aitwaye Helicobacter hepaticus. Uvimbe wa ini uliongezeka, ingawa bakteria hao hawakuhitaji kuhamia kwenye ini. Miaka miwili baadaye utafiti mwingine ulionyesha njia mojawapo: vipande vya ganda la bakteria hugusa kipokezi (sehemu ya seli inayopokea ishara) kiitwacho TLR4 kwenye seli za ini, uchochezi, yaani kinga ya mwili kupambana kana kwamba kuna jeraha, unawaka na hauzimiki, na uvimbe unakua. Panya waliolelewa bila bakteria yeyote walipata uvimbe mdogo na mchache. Mwaka 2013 watafiti wa Japani nao walionyesha kwamba bakteria wa utumbo wa panya wanene hubadili nyongo kuwa kemikali inayozeesha seli fulani za ini, na seli hizo zilizochakaa zikasaidia saratani.

Haya yote ni ya panya. Kwa binadamu dalili zipo, lakini uthibitisho wa kiwango hicho bado.

Dhana: Vinasaba vya bakteria vikikutwa kwenye uvimbe, basi mhalifu amepatikana.

Vinasaba vya bakteria vimo hata kwenye maji na kemikali za maabara. Sampuli ya ini ina bakteria wachache mno, hivyo uchafu kidogo tu hupotosha majibu. Makala maarufu ya mwaka 2020 katika jarida la Nature, iliyodai kila aina ya saratani ina alama yake ya vijidudu, iliondolewa mwaka 2024 baada ya wataalamu wengine kuonyesha kasoro kubwa katika uchambuzi wake. Mwaka huohuo wa 2020, watafiti wa Israeli walichunguza sampuli zaidi ya 1,500 za uvimbe na za nyama iliyo jirani nao kwa tahadhari kubwa dhidi ya uchafu, wakawaona bakteria ndani ya seli. Ila katika aina saba za saratani walizochunguza, ya ini haikuwemo. Tena bakteria anaweza kuhamia kwenye uvimbe baada ya uvimbe kuota.

Dhana: Basi dozi ya antibiotiki italisafisha ini.

Tafadhali usifanye hivyo. Dawa hizo huua pia bakteria wanaoulinda utumbo, na hukuza usugu wa bakteria dhidi ya dawa utakaokunyima tiba siku utakapoihitaji kweli. Wapo wagonjwa wenye makovu ya ini wanaopewa antibiotiki hospitalini, kwa mfano kuzuia kuchanganyikiwa akili kunakotokana na ini kushindwa kazi. Huo ni uamuzi wa daktari na lengo lake si kuondoa saratani.

Dhana: Mgonjwa wa saratani ya ini atengewe sahani na kikombe.

Saratani hiyo haiambukizi. Virusi vya homa ya ini B huambukiza kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, si kwa kula pamoja. Mtoto mchanga akivipata, uwezekano wa kubaki navyo maisha ni karibu asilimia 90. Kwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka chanjo ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.