Harusi Pemba, wageni Tanga: yanayosemwa na yalivyo

Kila ukoo wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, una mtu aliyekosa harusi ya Pemba, na ukimuuliza kisa atakwambia bahari ilichafuka. Ukimchimba kidogo utakuta hakuuliza siku ya boti, au alishuka gati ya kusini wakati harusi iko kaskazini. Watu wa Tanga na Pemba tumeoleana tangu enzi za majahazi, ndiyo maana kila mtu anajiona anaijua njia. Haya hapa ni yale ninayoyasikia kila msimu wa harusi.

“Boti zipo tele, tutaondoka siku moja kabla.”

Boti tele ziko Dar kwenda Unguja, kadhaa kwa siku. Tanga kwenda Pemba ni siku maalumu katika wiki, na siku zenyewe huhamishwa. Ukiachwa leo, usitegemee kesho. Upande wa bwana harusi uulize ratiba kabla kadi hazijachapishwa, na waulize ya kurudi pia, maana hiyo ndiyo husahaulika. Nimewahi kushuhudia kundi la watu kumi na wawili likikaa kwa wenyeji siku tatu baada ya shughuli kwisha, mpaka mzee wa nyumba akaanza kuuliza, kwa adabu kabisa, kama huko Tanga siku hizi watu hawaendi kazini.

Njia ya akiba ni basi hadi Dar, kama kilomita 350, kisha boti ya Unguja, kisha boti nyingine ya Pemba. Ihesabie siku mbili na usiku wa kulala njiani. Ndege ndogo za kutoka Tanga huvuka kwa chini ya nusu saa, lakini hubeba watu kumi na wawili hivi, na mzigo kwa kawaida ni kilo 15 katika begi laini. Sanduku la bibi harusi halimo katika hesabu hiyo.

“Masika yakiisha bahari inatulia.”

Hili ndilo limewatapisha watu wengi kuliko yote. Watu huona jua la Juni na Julai, shule zimefungwa, anga jeupe, wakadhani maji nayo yametulia. Kumbe huo ndio wakati wa kusi, upepo mkali wa katikati ya mwaka. Upepo unatoka kusini, boti ya Tanga inaelekea mashariki, kwa hiyo wimbi linaipiga ubavuni. Na mkondo wa Pemba si kidimbwi: ni kama kilomita 50 za maji kati ya bara na kisiwa, na kuna mahali kina kinapita mita 800. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini wa Desemba hadi Machi, nayo ina siku zake za ukali, hasa Januari.

Maji hulala zaidi wakati wa maleleji, pepo zinapopokezana: mwishoni mwa kaskazi kuelekea Aprili, na tena Oktoba na Novemba. Aprili utanyeshewa, kanzu italowa, lakini huenda chai ya asubuhi ikabaki tumboni. Msimu wowote ule, fuata taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukisikia “upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili” kwa mikoa ya Tanga, Dar es Salaam, Pwani na visiwa vya Unguja na Pemba, jua safari inaweza kuahirishwa. Usimgombeze mkata tiketi.

“Usile kitu, hutatapika.”

Tumbo tupu huchafuka vibaya zaidi. Kula kitu kikavu kidogo, mkate au muhogo wa kuchemsha, uache supu na mafuta. Keti katikati ya chombo, sakafu ya chini, utazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Vijana hukimbilia mbele juu kupiga picha, na mbele ndiko kunakorushwa zaidi. Kidonge cha kichefuchefu kimezwe kabla ya kung’oa nanga. Ukishaanza kutapika, kidonge nacho kitarudi.

“Babu zetu walivuka kwa jahazi, sisi tuna nini?”

Babu zetu walikuwa na manahodha wanaosoma nyota, na hata hivyo wengine hawakurudi. Jahazi la mizigo halina kibali cha kubeba abiria, halina jaketi za kuokolea za kuwatosha, na halina orodha ya majina. Likipotea, hakuna anayejua wa kumtafuta.

Ila chombo kikubwa pia si kinga. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Iliruhusiwa kubeba abiria kama 600, na uchunguzi ulikuta ilibeba zaidi ya 2,000. Kundi la harusi lina udhaifu wake hapa, kwa sababu linataka kwenda “sote au hakuna”. Ukiona gatini watu wanaendelea kusukumwa ndani wakati viti na njia vimejaa, rudi nyumbani, hata kama ngoma imeshapanda.

“Pemba ndogo, ukishuka umefika.”

Kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi, na ni vilima mwanzo mwisho. Barabara inapanda, inashuka, inapinda kwenye mikarafuu. Mkoani iko kusini, Wete kaskazini magharibi, Micheweni na Konde juu kabisa. Uliza boti inatia gati wapi kabla ya kuuliza nauli. Ukishuka Mkoani na harusi iko Konde, utapanda daladala namba 603 hadi Chake Chake, kama kilomita 30, kisha 602. Ya Wete kutoka Chake ni 606. Jioni gari hupungua.

Mwaka mmoja shangazi yangu alipakata keki ya ghorofa tatu kutoka Mkoani. Kila kona tulikuwa tunaishika watu wanne, mmoja kila pembe, na konda ameshikilia ghorofa ya juu kwa kiganja huku akidai nauli kwa mkono mwingine. Ilifika ghorofa mbili, na ya pili imeegemea kama mlevi. Tangu hapo kwetu keki hupikwa hukohuko, na wenyeji hutuma gari la kukodi gatini.

“Tanzania moja, kitambulisho cha nini?”

Tiketi inataka jina na kitambulisho, na watoto nao waandikishwe. Ndugu wa Mombasa waje na hati zao za kusafiria. Wageni wa kigeni hulazimika kukata bima ya safari ya Zanzibar, iliyoanza 1 Oktoba 2024.

“Nitarudi na gunia la karafuu.”

Karafuu chache za pilau hazina neno. Gunia ni magendo. Mwenye haki ya kununua karafuu na kuzisafirisha nje ni Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC, na watu wa doria wanazijua njia zote za panya za kuja upande wetu.

“Bwana harusi akikosa boti, hakuna ndoa.”

Hapa wengi hushangaa. Nikaha inataka walii wa mwanamke, yaani mwenye kumwozesha, mashahidi wawili, ijabu (tamko la kuozesha) na kabuli (tamko la bwana harusi la kukubali), na kabuli inaweza kutolewa na wakala. Bwana harusi humuwakilisha mtu anayemwamini, uwakilishi ukashuhudiwa, na wakala akakubali kwa kumtaja aliyemtuma. Sheikh au kadhi wa huko aulizwe mapema, isije ikawa mjadala mbele ya mkeka.

Binamu yangu alioa hivyo. Yeye yuko Chumbageni, huku Tanga, anasubiri upepo upungue, ami yake yuko msikitini Wete anamkubalia. Alipovuka siku ya tatu, baharia aliyempokea begi alimuuliza anafuata nini Pemba kwenye kusi kama hili. Akamjibu, “Namfuata mke wangu, bado hatujaonana tangu tuoane.”