Petrus: mvinyo mkuu usio na kasri

Ukitaja mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, wengi hufikiria kasri lenye minara na bustani zilizopambwa. Petrus haina kasri. Huko Pomerol, eneo dogo la Bordeaux inakotoka, kuna nyumba ya kawaida tu karibu na mizabibu, na hata lebo haitaji kasri lolote. Ina jina na sura ya Mtume Petro, basi.

Wengine husema heshima yake ilitokana na orodha ya mwaka 1855 ya madaraja ya ubora wa mivinyo. Sivyo. Orodha ile, iliyoandaliwa kwa ajili ya Maonyesho ya Paris, ilipanga mivinyo myekundu ya Médoc, eneo jingine la Bordeaux, na kuongeza mvinyo wa Haut-Brion kutoka eneo la Graves. Pomerol haikuguswa, na mpaka leo haina daraja rasmi hata moja. Aliyeipigania Petrus ni aliyekuwa mmiliki wake, Madame Edmond Loubat, akishirikiana na Jean-Pierre Moueix, mfanyabiashara wa mvinyo wa mji wa Libourne. Baridi kali ya Februari 1956 ilipoua mizabibu mingi ya Bordeaux, mama huyu alikataa kung'oa ya kwake. Aliagiza ikatwe karibu na ardhi, na mizizi ya zamani ikachipua upya. Kwangu mimi, uamuzi ule una uzito kuliko daraja lolote la kuandikwa.

Dhana iliyoshika mizizi zaidi ni kwamba zabibu za Merlot hutoa mvinyo mwepesi, wa kunywa upesi. Petrus ya leo ni Merlot tupu, na ile ya miaka mizuri hukaa chupani miongo kadhaa ikizidi kunoga. Siri iko chini ya miguu, na hapo tunakutana na dhana nyingine, kwamba udongo wa mfinyanzi haufai kwa mizabibu na kwamba ardhi bora lazima iwe ya changarawe. Hiyo ni kweli kwa sehemu kubwa ya Médoc, ambako zabibu za Cabernet Sauvignon hutawala. Pomerol kuna mwinuko mdogo, kama mita 40 juu ya usawa wa bahari, ambapo mfinyanzi wa rangi ya buluu umejitokeza katika eneo la hekta 20 hivi. Petrus ina hekta 11.5, karibu zote juu ya udongo huo.

Mfinyanzi huu huvimba ukilowa. Mvua kubwa ikinyesha, hujifunga, na maji ya ziada hutiririka kando badala ya kuzama hadi kwenye mizizi. Kiangazi kikikaza, huachia unyevu kidogo kidogo, hivyo mizabibu haifi kiu wala hailewi maji. Mvinyo wake hutoka mzito, wenye rangi iliyokolea na harufu ya plamu nyeusi na kokoa.

Ukakasi nao husingiziwa kuwa kasoro. Mvinyo huu ukiwa bado mpya hukaza ulimi kama bibo, na anayeufungua mapema kwa sababu tu amelipa fedha nyingi atakutana na ukuta. Ukakasi huohuo ndio unaoutunza, na miaka ikipita hulainika kama mahameli.

Kuhusu kuunywa katika joto la chumba: msemo huo ulizaliwa katika nyumba za baridi za Ulaya. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha. Kwa nyuzi 30 za Dar es Salaam au Mombasa, pua hupata kileo tu, kwa hiyo uweke kwanza kwenye friji kwa muda mfupi.

Tena wapo wanaoamini kwamba shamba tajiri halishindwi na hali ya hewa. Kujaribu, wamejaribu: akina Moueix waliwahi kukodi helikopta ili upepo wake ukaushe mizabibu iliyolowa, na mwaka 1992 walitandaza plastiki ardhini kuzuia mvua. Lakini Aprili 1991 baridi iliunguza machipukizi, na zabibu zilizopatikana baadaye hazikufikia kiwango. Hakuna Petrus ya mwaka 1991.