Kiapo cha uraia wa Marekani: bunduki, Mungu na mengine mnayodanganyana

Juzi nimetumiwa tena ile sauti ya WhatsApp ya dakika nane, imesambazwa hadi haijulikani ilianzia kwa nani. Msemaji anawaonya ndugu kwamba siku ya usaili wa uraia, ofisa akikuuliza kama uko tayari kushika silaha kwa ajili ya Marekani, ujibu ndiyo. Hata kama wewe ni Msabato, hata kama ni Shahidi wa Yehova, hata kama ulikimbia vita ukaapa bunduki hutaigusa tena. Mdomoni sema ndiyo, moyoni sema hapana, Mungu anaangalia moyo. Ukijibu hapana, faili linafungwa.

Nimekuwa nikijaza fomu za N-400, zile za kuomba uraia, na kufundisha darasa la uraia la Jumamosi kwa miaka kumi na moja, na hakuna uongo ulionisumbua kuliko huu. Tuanze nao, na nitakaa nao.

"Ukikataa silaha unanyimwa uraia"

Si kweli. Sheria yenyewe ya uhamiaji, ya mwaka 1952, inayotaja silaha ndani ya kiapo, ndiyo hiyo hiyo inayomwekea mlango mtu ambaye dini au dhamiri yake inamkataza. Na mlango huo haukufunguka kwa hisani ya mtu. Mwaka 1929 Mahakama Kuu ya Marekani ilimnyima uraia Rosika Schwimmer, mama kutoka Hungaria aliyekaribia miaka hamsini alipohojiwa, kwa sababu alisema hatabeba bunduki. Wakati huo jeshi halikuwa likiwapeleka wanawake kupigana hata wakitaka! Mwaka 1931 wakanyimwa wengine. Mwaka 1946 ndipo ikaja kesi ya Girouard, Msabato kutoka Kanada aliyekuwa tayari kutumikia jeshini lakini si kuua, na mahakama hiyo hiyo ikayageuza maamuzi yake yote ya nyuma. Kwa hiyo Msabato wa Kisii au wa Musoma anayekuja kwangu akitetemeka, mlango huu Msabato mwenzake alishaufungua kabla yeye hajazaliwa.

Fomu inauliza maswali matatu, na watu huyasoma kama moja. La kwanza ni kushika silaha. La pili ni utumishi wa jeshini usio wa kupigana, kama kuuguza majeruhi au kupika. La tatu ni kazi yenye umuhimu kwa taifa chini ya uongozi wa kiraia, nje ya jeshi kabisa. Wasabato wengi ninaowaona hukataa la kwanza tu. Shahidi wa Yehova hukataa la kwanza na la pili. La tatu halina msamaha, kwa hiyo usije ukajaza "hapana" tatu mfululizo kwa ushujaa halafu ukanipigia simu usiku.

Ukiomba kuondolewa kifungu cha kiapo, ofisa atataka kuona mambo haya: kwamba unapinga vita vyote, kwamba upinzani huo unatokana na dini yako au msimamo wa kimaadili wenye uzito kama wa dini, na kwamba ni wa kweli na umekaa ndani yako. Hapa ndipo ndugu zangu wa Kivu wanapoteleza. "Mwalimu, mimi sitapigana na Kongo." Naelewa, lakini hiyo ni kuchagua vita, na sheria haimsamehe mwenye kuchagua vita. Wala hasamehewi anayepinga kwa sababu za kisiasa tu.

Barua ya mchungaji inasaidia, lakini si sharti, na si lazima uwe mshirika wa kanisa au msikiti fulani. Ninachowasisitizia wote ni kuandika maelezo yenu wenyewe, nusu ukurasa, kwa maneno yenu. Tafadhali acheni ile barua ya kunakili inayozunguka makanisani. Nimeona watu wanne wa familia moja wakiwa na "nilipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa Roho alinigusa", mmoja wao ni bibi aliyebatizwa akiwa na miaka sitini.

Na yule anayesema ndiyo mdomoni na hapana moyoni? Hajasoma mwisho wa kiapo. Pale unaapa kwamba unayakubali haya kwa hiari, bila kuficha lolote moyoni wala nia ya kukwepa. Yaani ujanja wa ile sauti ya WhatsApp umetajwa ndani ya kiapo na kukatazwa. Waislamu wanaotetea mbele yangu hoja ya nia huwa nawakumbusha hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, kwamba kiapo huhesabiwa kwa nia ya yule anayekuapisha. Huwa wananyamaza kidogo.

Kuna na kisa kingine kisichohusu dini kabisa. Katika Kiingereza, neno la silaha na neno la mikono ni moja: "arms". Mama mmoja wa Fizi, kule Kongo, tukifanya mazoezi, nilimsomea swali hilo akajibu ndiyo kwa furaha. Nikamuuliza ameelewa nini. Akaninyooshea mikono yote miwili: "Mikono yangu iko mizima, mwalimu. Ninabeba ndoo mbili." Mama huyo amezika watoto kwa ajili ya vita, na bunduki hataki hata kuiona kwenye televisheni. Tulirudi kwenye fomu, tukaanza upya.

"Lazima ushike Biblia na kumtaja Mungu"

Hakuna Biblia, hakuna Msahafu. Unanyoosha mkono wa kulia, basi. Maneno ya mwisho ya kuomba msaada wa Mungu yanaondolewa ukiomba, na neno la kuapa hubadilishwa kuwa la kuthibitisha, bila kudaiwa ushahidi wa dini. Anayeshikilia katazo la kuapa la Mathayo 5, "Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo", ametengewa nafasi yake. Watu hunitajia Keith Ellison, mbunge Mwislamu wa Marekani, aliyeapa ubunge kwa Qurani ya Thomas Jefferson mwaka 2007. Wabunge wote huapishwa pamoja ukumbini bila kitabu rasmi, na ile Qurani ilikuwa ya hafla ya picha baada ya hapo. Kelele zote zile zilipigwa juu ya picha.

"Nikiapa, nimeikana Kenya"

Kiapo kinakutaka ukane utii kwa mfalme, mtawala au dola yoyote ya kigeni uliyokuwa raia wake, na kifungu hiki hakiondolewi kwa mtu yeyote. Lakini kama umebaki Mkenya ni jambo la sheria ya Kenya, si la jaji wa Marekani. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata mwingine. Sheria ya Tanzania inasema mtu mzima akiuchukua mwingine kwa hiari yake, wa kwake umekwisha. Katiba ya Kongo inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikishwi na mwingine. Muulize anayekupa ushauri anatoka nchi gani kwanza. Nusu ya mabishano darasani kwangu ni Mkenya anamshauri Mtanzania.

"Nimefaulu mtihani, mimi ni raia"

Bado. Uraia unaanza ukishaapa, si dakika moja kabla. Ukijiandikisha kupiga kura kati ya usaili na kiapo, unaweza kujikuta kwenye kesi ya kufukuzwa nchini. Nisamehe kwa kuandika kwa ukali.

"Watoto wanalazimishwa kuapia bendera shuleni"

Hapana, tangu tarehe 14 Juni 1943, Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya Barnette iliyoletwa na Mashahidi wa Yehova. Miaka mitatu kabla ilikuwa imeamua kinyume. Hata kwetu Tanzania, Mahakama ya Rufani mwaka 2013 iliwapa haki wanafunzi Mashahidi waliofukuzwa kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Mwalimu akimng'ang'aniza mwanao, nenda shuleni kwa upole ukaonane na mkuu.

"Swali la vyeo vya kurithi halituhusu"

Linawahusu baadhi yenu. Fomu inauliza kama una cheo cha kurithi cha kifalme au cha kitemi katika nchi ya kigeni, na mwenye nacho hukitamka na kukikana siku ya kiapo. Mzee mmoja wa ukoo wa mwami, yaani mtawala wa jadi, alijaza "hapana", kisha mwanawe akamwita Mwami mbele yangu mara tatu. Tulirekebisha. Alichotaka kujua ni kama nyumbani wataruhusiwa kuendelea kumwita hivyo. Nikamwambia hilo aulizane na mkewe.