Je, wajua kwa nini faji haikorogwi ikiwa ya moto?

Desemba ikifika, katika majiko mengi ya Marekani sufuria ya sukari, maziwa na siagi hutokota taratibu mpaka ikawa nzito, kisha hutiwa mnanaa, ikamwagwa kwenye trei na kukatwa vipande vya mraba vya kuwapelekea majirani. Hiyo ndiyo faji ya Krismasi. Aliyekulia pwani akiionja mara ya kwanza huenda akauliza: mbona hii ni labania? Na hatakuwa amekosea sana. Zote mbili ni maziwa na sukari iliyopikwa hadi ikashika. Labania inanukia iliki. Hii inanukia mnanaa, na juu yake hunyunyiziwa zile pipi zenye mistari myekundu na myeupe, zilizopondwa.

Ila faji ina sharti linalowashangaza wapishi. Ikiiva unaiepua, na kuanzia hapo usiiguse. Usikoroge, usitikise sufuria, usikombe ukoko wa pembeni. Iache ipoe mpaka kama nyuzi 45 za Selsiasi, yaani kitako cha sufuria uweze kukishika kwa kiganja bila kuungua, ndipo uipige kwa mwiko mpaka mkono uchoke. Mara ya kwanza nililipuuza sharti hilo. Nimelelewa nikiambiwa kwamba kitu cha maziwa hakiachwi bila mwiko, basi nikakoroga ingali ya moto. Nilichopata kilikuwa kitamu, lakini kilisagika mdomoni kama mchanga.

Sababu iko kwenye sukari. Gramu 100 za maji ya kawaida, yasiyopashwa moto, huyeyusha takriban gramu 200 za sukari. Maji hayohayo yakichemka huyeyusha karibu gramu 490. Faji inapotokota maji yanatoka kama mvuke na sukari inabaki, ndiyo maana joto lake linapanda kupita lile la maji yanayochemka. Ikifika nyuzi 112 hadi 116, shira iliyomo ndani yake ni sukari kwa takriban asilimia 85. Sasa ukiepua ikaanza kupoa, yale maji machache yaliyobaki yamebeba sukari nyingi kuliko uwezo wake. Sukari inatafuta nafasi ya kutoka. Kinachokosekana ni kitu cha kuianzisha tu: mwiko unaopita, au chembe moja iliyodondoka kutoka ukingoni mwa sufuria.

Ikianza kutoka, inajipanga upya kuwa fuwele, zile punje zenye pembe tunazoziona kwenye sukari ya chai. Shira ikiwa bado ya moto ni nyepesi, na sukari ndani yake inatembea kwa urahisi. Fuwele chache zinazozaliwa hapo zinavuta kila kilicho karibu, zinanenepa, na ulimi unazikuta. Shira ikishapoa huwa nzito, na mzigo uliozidi ndani yake ni mkubwa zaidi. Ukiipiga kwa nguvu wakati huo, fuwele nyingi mno huzaliwa kwa pamoja, kila moja ikaambulia kidogo tu. Zinabaki ndogo sana. Punje iliyo chini ya sehemu kama 2 za mia za milimita, ulimi hauihisi kuwa chenga; unahisi ulaini. Kwa hiyo faji laini na faji ya mchanga zote zimejaa fuwele. Zimepishana ukubwa tu, na ukubwa huo unaamuliwa na lini mwiko ulianza kazi.

Mpishi wa Kiswahili anaijua elimu hii kwa mkono. Anapopika visheti, huvigeuzageuza ndani ya shira nzito mpaka sukari ikakaukia juu yake nyeupe, kwa sababu hapo anazitaka fuwele. Lakini akipika shira ya kaimati, hukamulia ndimu ili isirudi kuwa sukari. Ukali wa ndimu huigawa sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na hizo zikijichanganya na sukari isiyogawanyika huizuia kujipanga. Wamarekani hutia sharubati ya mahindi, yaani shira nzito yenye glukosi, kwenye faji kwa kazi hiyohiyo. Kijiko kimoja au viwili vinasaidia. Ukizidisha, faji haishiki kabisa, unabaki na mchuzi mtamu.

Wa zamani hawakuhitaji hata hiyo sharubati. Emelyn Hartridge, aliyesoma Vassar, chuo kilichokuwa cha wanawake wakati huo, jimbo la New York, aliandika kwenye barua kwamba mwaka 1886 faji ilikuwa ikiuzwa Baltimore kwa senti 40 kwa ratili moja. Yeye aliyapata mapishi yake, na mwaka 1888 akapika ratili 30 kwa ajili ya mnada wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Vitu vyake vilikuwa sukari, krimu, chokoleti na siagi. Ratili 30 ni zaidi ya kilo 13, na nikiufikiria mkono uliopiga faji yote ile, namheshimu sana dada huyo.

Ukitumia kipimajoto, angalia kwanza unapikia wapi. Dar es Salaam au Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya bahari, huchemka kwenye 94 tu. Mapishi yakisema 114, Nairobi epua kwenye 108. Ukingoja 114 utakuwa umekausha maji kupita kiasi na faji itavunjika kama kashata. Kipimo kisichobadilika popote ulipo ni bakuli la maji baridi: dondosha tone, liokote kwa vidole. Likifanya kidonge laini kinachobonyea, imeiva.

Mnanaa nao una wakati wake. Harufu yake ni mafuta yanayoruka haraka, na ukiyatia sufuria ikiwa jikoni, nyumba nzima itanukia vizuri na faji haitakuwa na kitu. Tia arki baada ya kupoa, kabla tu ya kuanza kupiga. Ukiwa na mafuta halisi ya mnanaa ya kupikia badala ya arki, hesabu matone, maana ni makali mno. Ule ubaridi unaousikia mdomoni si baridi ya kweli. Mentoli iliyo ndani ya mnanaa hugusa kipokezi kilekile cha neva kinachoamshwa na kitu baridi, ubongo ukapokea habari ya baridi ilhali mdomo una joto lake lilelile. Kipokezi hicho, TRPM8, kilitambuliwa mwaka 2002 na timu mbili za wanasayansi, ya David Julius na ya Ardem Patapoutian, na wawili hao wakaja kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021 kwa kazi yao juu ya jinsi mwili unavyohisi joto, baridi na mguso.

Zile pipi zilizopondwa ndizo zinazonipendeza kuliko vyote. Ni sukari pia, lakini imepikwa karibu nyuzi 150 mpaka maji yakaisha, ikagandishwa kama kioo bila kuacha fuwele zipatikane. Kipande kimoja cha faji kinabeba sukari ya aina mbili, moja chini na nyingine juu. Kioo hicho kinavuta unyevu wa hewa. Zinyunyize dakika faji inapomwagwa kwenye trei, uzibonyeze kidogo, na ikishakatwa ifunike vizuri, hasa kwa anayekaa pwani. La sivyo ule wekundu utatiririka.

Unapopiga, tazama mng'ao. Faji ikiacha kung'aa ghafla na mwiko ukawa mzito, imwage hapohapo. Na ikikutokea ya mchanga kama yangu, usiitupe. Irudishe sufuriani na maji kidogo, iyeyuke yote, ipike upya hadi kidonge laini, uiepue na uiache. Mnanaa wa mwanzo utakuwa umeondoka na mvuke, kwa hiyo tia mwingine ikishapoa.