Uvimbe Adimu: Picha na Vipimo Kwanza, Kisu Baadaye

Nina uvimbe pajani, hauumi. Kliniki ya hapa Kayole wanasema watautoa kwa nusu saa. Nikubali?

Ngoja kwanza. Uvimbe mwingi wa chini ya ngozi ni wa mafuta tu. Lakini ukizidi sentimita 5, ukiwa ndani ya msuli, ukizidi kukua, au ukiwa ulishatolewa ukarudi, usikatwe kabla ya kupigwa picha. Kutouma kusikutulize: sarkoma, yaani saratani ya misuli, mafuta na nyama nyingine laini za mwili, mara nyingi huanza kimyakimya. Ikikatwa ovyo, mabaki yake huachwa kwenye nyama iliyokuwa salama, na upasuaji wa pili huwa mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Kwa kawaida huanza ultrasaundi, ikafuata MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ndipo sindano nene ichukue kinyama cha kupimwa, yaani biopsi. Mpasuaji atakayeutoa uvimbe ashirikishwe kabla ya sindano, maana huenda akalazimika kuiondoa hata njia ilimopita sindano.

Mbona majibu ya biopsi yanachukua muda, na madaktari wawili hawakubaliani?

Aina za sarkoma ni zaidi ya 50, nyingine zinafanana sana kwa darubini, kwa hiyo maabara huongeza rangi maalumu au vipimo vya jeni. Kinyama chako huhifadhiwa kwenye kibonge kidogo cha nta. Una haki ya kuomba kipelekwe kwa mpatholojia mwingine, yaani daktari anayesoma vinyama kwa darubini. Si utovu wa adabu.

Mume wangu ni kondakta wa matatu. Presha humpanda ghafla, jasho linamtiririka, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, halafu yanapita. Ameambiwa ni mawazo.

Huenda ni mawazo kweli. Maisha ya Nairobi yanatosha kumtoa mtu jasho. Ila dalili hizo zikija pamoja na kujirudia, daktari amfikirie pia feokromositoma, uvimbe adimu wa tezi ya adrenali iliyo juu ya figo. Humwaga homoni za adrenalini na noradrenalini kwenye damu. Akipimwa presha wakati ametulia, anaweza kuonekana mzima kabisa.

Kinachotafutwa ni metanefrini, yaani kinachobaki homoni hizo zikivunjwa mwilini, kwenye damu au mkojo wa saa 24. Kwa damu, hulazwa chali kama nusu saa kabla ya kutolewa. Kwa mkojo, ule wa kwanza wa asubuhi humwagwa, kisha wote unaofuata huingia kwenye chombo cha maabara hadi ule wa kwanza wa asubuhi ya pili. Kwa kazi yake ya ukondakta, achague siku ya mapumziko. Awatajie wahudumu dawa zote anazotumia, zikiwemo za mafua na za sonona, maana baadhi hupotosha majibu. Asiache yoyote bila kuambiwa.

Majibu yakiwa juu waziwazi, ndipo CT, picha ya eksirei inayoundwa kwa kompyuta, au MRI itafute uvimbe ulipo. Wachache huhitaji picha ya PET, inayopigwa baada ya kudungwa dawa yenye mionzi kidogo, inayopatikana pia katika Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Huo nao utachomwa sindano?

La. Kuuchoma kunaweza kuachilia homoni nyingi kwa mkupuo na presha ikapanda hadi kuhatarisha maisha. Kabla ya upasuaji hupewa dawa za kulegeza mishipa ya damu, kwa kawaida wiki 1 hadi 2. Dawa za kupunguza kasi ya moyo hazitangulii hizo.

Na watoto wetu?

Karibu theluthi moja ya wagonjwa wana hitilafu ya jeni inayorithika. Uvimbe ukithibitishwa, muulizeni daktari kuhusu kipimo cha jeni cha baba kwanza. Majibu yake ndiyo yataonyesha kama watoto na ndugu zake wapimwe.