Boda na mashimo: mchezo wa kwanza wa kompyuta kwa bloku za Scratch

Mtoto wa P.6 (darasa la sita la msingi Uganda) akifungua Scratch, programu ya kutengeneza michezo kwa kuunganisha bloku za amri, kwa mara ya kwanza hutaka mchezo wa mpira wenye wachezaji kumi na mmoja kila upande. Ndoto hiyo asinyang'anywe, lakini mchezo wa kwanza uwe na mambo matatu tu: kitu anachokiendesha, kitu cha kukwepa, na hesabu ya alama. Hapa nimechagua boda na mashimo ya barabara, kwa kuwa hakuna mtoto wa Kampala, Mbale au Arua anayehitaji kuelezwa kwa nini shimo hukwepwa.

Ninachosisitiza kwa kila mwalimu na mzazi ni mpangilio wa ujenzi. Mchezo ujengwe kwa awamu, na kila awamu ichezeke kabla ya kuanza inayofuata. Kosa likitokea, utajua limo katika bloku chache ulizoongeza sasa hivi. Anayepanga bloku arobaini ndipo abonyeze bendera ya kijani, kitufe cha kuanzisha mchezo, hana pa kuanzia kutafuta.

Scratch ilitoka katika maabara ya MIT Media Lab nchini Marekani mwaka 2007, na toleo la 3.0 lilitoka Januari 2019. Ni ya bure, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Kwa shule zetu nashauri programu ya kusakinisha badala ya ukurasa wa intaneti: inapakuliwa mara moja, inahamishwa kwa flashi, na haili bando tena. Inahitaji Windows 10 au mpya zaidi. Mashine kuukuu zinaweza kutumia Scratch 1.4, ila hiyo haina nakala za wahusika (wahusika ni vitu vinavyosogea mchezoni), kwa hiyo ishia awamu ya tatu hapa chini, na bloku za kubadilisha mandhari uziweke kwenye jukwaa lenyewe, si kwenye boda; nao utakuwa mchezo kamili. Programu ya kusakinisha haihifadhi kazi yenyewe. Umeme ukikatika na kompyuta haina betri, kazi imepotea. Hifadhi faili mwisho wa kila awamu kwa jina jipya: boda1, boda2, boda3. Hivyo pia unaweza kurudi nyuma ukiharibu.

Kabla ya bloku yoyote, elewa jukwaa, yaani eneo la skrini mchezo unapoonekana. Lina upana wa nukta 480 na urefu wa 360. Katikati ni x 0, y 0. X inatoka -240 kushoto hadi 240 kulia, na y inatoka -180 chini hadi 180 juu. Chora mandhari mbili: moja uiite "barabara", yenye lami kuanzia x -120 hadi 120 na majani pembeni, nyingine uiite "mwisho", yenye maneno ya kumaliza mchezo. Futa paka anayekuja na programu, kisha chora boda inavyoonekana kutoka juu na umpe mhusika huyo jina "boda". Iwe na upana wa nukta 30 hivi na urefu wa 60. Iweke juu ya alama ndogo ya katikati iliyo kwenye ubao wa kuchorea. Alama hiyo ndiyo Scratch inayoihesabu kuwa mahali alipo mhusika. Picha ikikaa kando, namba zote zitakudanganya.

Awamu ya kwanza ni boda kusogea. Chini ya bloku ya njano ya bendera, weka bloku ya buluu ya kwenda x 0, y -130. Fuatisha bloku ya chungwa ya kurudia daima, na ndani yake weka masharti mawili: kama mshale wa kulia umebonyezwa, badili x kwa 6, kama wa kushoto, badili x kwa -6. Ongeza mengine mawili ya kuizuia isiingie majanini: x ikizidi 105, iweke 105, ikiwa chini ya -105, iweke -105.

Wengi huvutiwa na bloku ya njano ya "kitufe kinapobonyezwa", maana inaonekana fupi. Iacheni. Inategemea mwendo wa kibodi wa kurudia herufi: boda inaruka mara moja, inasimama kidogo, kisha ndiyo inaendelea. Sharti lililo ndani ya kurudia daima linakagua kitufe mara 30 kwa sekunde, na boda inateleza bila kusita.

Awamu ya pili: shimo moja. Chora duara bapa la kijivu iliyoiva, upana 60, urefu 40. Bendera ikibonyezwa, liende x ya kubahatisha kati ya -100 na 100, y 180. Kisha kurudia daima: badili y kwa -5, y ikiwa chini ya -170, lirudi juu mahali pengine pa kubahatisha. Bonyeza bendera ucheze. Hakuna alama bado, lakini tayari kuna cha kukwepa.

Namba -170 ina sababu yake. Scratch haimruhusu mhusika atoke kabisa jukwaani. Hubakiza kipande chake kikionekana. Shimo la urefu wa 40 linakwama karibu na y -185. Ukiandika sharti la "chini ya -200", halitatimia kamwe, na shimo litaganda chini ya skrini.

Awamu ya tatu ni hesabu. Tengeneza vigeu vitatu (majina yanayohifadhi namba inayobadilika), alama, uhai na kasi, vyote kwa ajili ya wahusika wote. Ukichagua "kwa mhusika huyu tu" ukiwa kwenye boda, shimo halitaweza kupunguza uhai. Juu kabisa ya bloku za boda, chini ya bendera, weka alama 0, uhai 3, kasi 5, na badilisha mandhari iwe "barabara". Vigeu havijifuti vyenyewe. Bila mistari hii, mchezo wa pili huanza na uhai uliobaki wa mchezo wa kwanza.

Kwenye shimo, ile -5 sasa iwe 0 kutoa kasi. Likipita chini bila kugusa, alama iongezeke 1. Likigusa boda, uhai upungue 1 na papo hapo shimo lirudi juu. Hilo la kurudi papo hapo usilisahau: likibaki limegusa, uhai hupungua katika kila mzunguko, na uhai wote watatu huisha ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mchezaji ataona mchezo umekufa ghafla na hatajua kwa nini.

Kugusa kunapimwa kwa rangi zinazoonekana. Picha ya boda iliyopakuliwa ikiwa na mraba mweupe nyuma yake, mraba huo nao ni boda, na shimo "litagonga" hewa. Ndiyo maana napendelea watoto wachore wenyewe.

Mwisho wa mchezo: bendera nyingine kwenye boda, subiri mpaka uhai uwe chini ya 1, badilisha mandhari iwe "mwisho", simamisha yote. Andika "chini ya 1", si "sawa na 0". Tukifika kwenye nakala, mashimo mawili yanaweza kugusa kwa pamoja, uhai ukatoka 1 hadi -1, na sifuri ikarukwa.

Awamu ya nne ndiyo inayonoga: mashimo mengi. Shimo la asili lijifiche bendera ikibonyezwa, kisha lirudie daima: subiri muda wa kubahatisha kati ya 0.6 na 1.2, tengeneza nakala yake. Desimali hizo ni muhimu. Ukiandika 1 na 2, Scratch itakupa 1 au 2 tu, hakuna katikati. Mwendo wa shimo uhamishie chini ya bloku ya "ninapoanza kama nakala": nenda juu, jionyeshe, rudia mpaka y iwe chini ya -170. Pale palipokuwa na kurudi juu, sasa weka "futa nakala hii". Bila kujionyesha, nakala hubaki imejificha kama mama yake, na aliyejificha hagusi kitu. Bila kufutwa, nakala hurundikana mpaka 300, kikomo cha Scratch, kisha hakuna shimo jipya linalokuja. Na kazi ya kutengeneza nakala isianzishwe kwa tangazo, yaani ujumbe unaotumwa kwa wahusika wote: nakala nazo husikia tangazo, kila moja ikazaa zake, na barabara ikajaa kwa sekunde chache.

Kasi iongezeke 1 kila sekunde 10, lakini isizidi 9. Fanya hesabu na wanafunzi ubaoni. Boda inakwenda nukta 6 mara 30, yaani 180 kwa sekunde, na kuvuka barabara yote, nukta 210, huchukua sekunde 1.17. Kutoka y 180 hadi -130 shimo linashuka nukta 310. Kwa kasi 9 linafika kwa sekunde 1.15, karibu sawa na muda huo. Kwa kasi 12 linafika kwa 0.86, na aliye upande usiofaa hana nafasi hata awe hodari vipi. Mchezo unaomshinda mtu bila kosa lake unachosha upesi. Ukitaka kasi 12, ipe boda 8 badala ya 6.

Mchezo ukienda kama umepandwa na wazimu ghafla, huenda mtu alishikilia Shift alipobonyeza bendera, na hali ya turbo ikawaka. Shikilia Shift, bonyeza tena, itazimika.

Kwenye tableti isiyo na mishale, ondoa masharti mawili ya vitufe na uweke x ya boda iwe x ya kipanya; boda itafuata kidole, na ile mipaka ya 105 iache palepale.