Kwa nini uzi wa chini huchungulia juu ya darizi?

Jina la shule limedariziwa kwa uzi wa buluu kwenye sweta jeusi, fundi ameridhika, mteja kalipa. Jua likipiga, pembeni mwa herufi vinaonekana vijidoa vyeupe. Si uchafu. Ni uzi wa bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi kinachokaa chini ya sindano), ambao kazi yake ni kukaa nyuma ya nguo, umepanda juu.

Sababu yake ni mchezo wa kuvuta kamba. Uzi wa juu na wa chini hukumbatiana ndani ya kitambaa, kila mmoja ukivutia kwake. Kwenye suruali tunataka sare: wakutane katikati ya unene wa nguo, pande zote zifanane. Kwenye darizi tunapendelea waziwazi timu ya chini. Uzi wa juu hulegezwa ili kingo zake zivutwe hadi nyuma, na ule wa bobini ubaki huko kama mstari mwembamba. Ndiyo maana bobini ya darizi hujazwa uzi mwembamba, mara nyingi namba 60, ilhali juu ni namba 40. (Namba ikipanda, unene unashuka.)

Mashine za mwanzo hazikuujua ugomvi huu. Ile ya Joshua Heilmann wa Mulhouse, Ufaransa, ya mwaka 1828, ilipitisha sindano yenye ncha mbili upande hadi upande kwa uzi mmoja tu. Mwaka 1863 Isaak Gröbli wa Uswisi akaazima mbinu ya cherehani na kuongeza uzi wa pili, akiubeba ndani ya kifaa chenye umbo la mashua. Mashine ikaitwa Schiffli, yaani kidau. Mvutano ukaanza hapo.

Sasa, vijidoa vikitokea, wengi hukimbilia kuzungusha kitufe cha mkazo wa juu. Acha kwanza. Darizi herufi kubwa I kwenye kitambaa chakavu, kisha igeuze. Nyuma, uzi mweupe unatakiwa kuchukua karibu theluthi moja, katikati, na rangi ya juu ionekane kila upande. Weupe ukijaa upana wote, timu ya juu inashinda.

Lakini huenda haina nguvu kupita kiasi, ila ya chini ndiyo imelegea. Fungua kikebe cha bobini. Kuna kiulimi cha chuma kinachobana uzi, na vumbi la nyuzi likijikusanya chini yake hukiinua kidogo, uzi ukapita bila kubanwa. Pitisha hapo kona ya karatasi ngumu, utashangaa kinachotoka. Hakikisha pia uzi umeingia kwenye mfereji wake. Kama kikebe ni cha chuma cha kuchomoa, kining'inize kwa uzi: kitulie, na ukikitikisa kidogo kishuke sentimita chache. Kikiporomoka hadi chini, kaza skrubu ya kiulimi, robo mzunguko au chini ya hapo.

Chini kukiwa safi, ndipo uende juu. Huenda uzi umenasa kwenye mkato wa kigurudumu chake, au kifuniko kinaubana. Upitishe upya toka mwanzo, mguu wa cherehani ukiwa umeinuliwa. Badili sindano iliyochoka, punguza kasi. Bado? Haya, legeza kitufe, kidogo kidogo, ukirudia ile I.

Herufi ndogondogo ni kesi nyingine. Mstari ukiwa chini ya milimita 1, uzi wa juu hauna nafasi ya kuficha chochote, hata mkazo uwe sahihi. Hapo tumia uzi namba 60 juu pia, na sindano namba 65/9, au mshawishi mteja akubali herufi kubwa zaidi. Akikataa, jaza bobini uzi wa rangi ileile ya juu. Wapo mafundi wanaouona huo ni ujanja wa kuficha kasoro. Kwa maandishi ya kofia, mimi huujaza bila aibu.